Mbio za Kesho Yake

Kambi ya Dzaleka, Malawi, Jumapili jioni

Yaya Faida, dada yangu mukubwa,

Pokea salamu kwanza, juu habari yenyewe haina mafuta. Mugongo wako unaendelea namna gani? Mama muzee anakula, ao angali anasukuma sahani? Siye huku tuko, tunapumua. Mvua imechelewa, unga wa musaada umepunguzwa tena, na mashini yangu inakata uzi kuliko inavyoshona. Kwa ile maneno ya kupelekwa inchi ingine, bado hatujaitwa. Siulizi tena.

Uliniuliza mbio za Nabintu zilifikia wapi. Najua kwaya yetu ya kule nyumbani yote inangoja, juu mi mwenyewe njo niliwaambia mutoto wangu atashinda. Na ningesema tena! Kama ungemuona anapanda kile kilima cha nyuma ya kambi, banaume ba kabaza, zile baiskeli za kubeba batu, banashuka kuzisukuma, yeye anawapita akiwasalimia mumoja mumoja, we pia ungesema.

Lakini nianze na kitabu. Nabintu alikipata kule masomo, mu sanduku ya vitabu vya musaada. Ni cha Kifaransa, ngozi imetoka, kinaeleza michezo ya mwaka mumoja tu, ule wa 1896. Mwaka mumoja, kitabu kizima! Kila mangaribi mi nashona, yeye anasoma na kunigeuzia mu Kiswahili. Unajua masomo yangu iliishia primaire, shule ya musingi, lakini ule mwaka leo naujua kuliko huu. Bafaransa balishindana na velo, ni kusema baiskeli, toka Paris mpaka karibu na Ubelgiji, mbwa akaangusha mumoja. Kule Atene, kwa Bagiriki, batu baliogelea mu bahari ya baridi, mumoja amejipaka mafuta mwili muzima kama sambusa. Mushindi alipewa medali ya feza, juu ya zahabu haikuwa. Na mbio ndefu zikachukuliwa na muchota maji. Muchota maji, yaya! Nilisimamisha mashini, nikapiga vigelegele. Majirani bakakimbia kuja, balifikiri tumeitwa.

Ile ilitupendeza zaidi ni ya mugeni mumoja alienda Atene kutembea tu, kuona rafiki. Bakamutia mu tenisi, akashinda.

"Hakuna mutu alimutuma, mama," Nabintu akasema. "Hata viatu vilikuwa vya kutembelea."

"Na karti yake ya kitambulisho?"

"Hawakuuliza."

Pale njo tulijifunza sheria ya michezo: mutu anakuja, anakimbia, anashinda. Hatukujua ingine.

Kisha bakatangaza mbio za vijana, toka Nathenje mpaka uwanja mumoja wa Lilongwe. Musichana wa kwanza anapelekwa kwa shule yenye mwalimu wa mbio, anasoma bure, analala kule, anakula kule. Mwaka unaokuja Nabintu atakuwa amepita umri. Ilikuwa hii tu, yaya. Nikaomba ruhusa ya kutoka kambini, nikaipata. Nikamushonea kaptula ya buluu yenye mustari mweupe pembeni. Hata duka haina kaptula kama ile.

Kule Nathenje, kijana wa kuandika majina akaniita mayi, ni kusema mama: "Mayi, kitambulisho cha Malawi kiko wapi?"

Nikatoa karti yetu ya wakimbizi. Akaigeuza, akanirudishia na mikono miwili, kwa heshima, akaomba samahani. "Pepani, mayi. Mbio ni ya batoto ba hapa tu."

Nabintu akaingilia, na Kichewa chake, lugha ya hapa, kile kilichonyooka, anakisema kama aliyezaliwa nacho. "Lakini kule Atene mugeni alikuja kutembea tu, bakamuacha acheze, akashinda."

"Lini hiyo?"

"1896."

Batu bote ba benchi bakacheka. Mumoja akasema, "Dada, umechelewa kidogo!" Hata mama wa kuuza maji alishika tumbo. Kijana wa majina hakucheka, alitazama chini. Filimbi ikalia, batoto bakaondoka, siye tukabakia na vumbi.

Tukaenda kulala Chinsapo, mutaa wa Lilongwe, kwa mushonaji mumoja wa kanisa yetu. Nabintu hakugusa nsima, ule ugali wa huku. Akafungua kitabu pale tuliachia, akasoma kimya, midomo inatembea.

"Soma na mi nisikie."

Yaya, kumbe mwaka ule ule, kule kule, kulikuwa mwanamuke mumoja masikini mwenye mutoto mudogo. Alitaka mbio ndefu. Bakamukatalia. Padri akakataa kumubariki. Mukimbiaji mumoja akamuchezea: we utafika uwanjani batu bamekwisha kwenda nyumbani. Kesho yake akakimbia peke yake, njia ile ile, mpaka mwisho. Hawakumuingiza uwanjani. Alitumaini mufalme atasikia, siku moja amupe mutoto wake kazi.

"Kisha?" nikauliza.

"Kitabu hakisemi. Ukurasa unaofuata ni mambo ya velo."

Akakifunga. "Mama, kesho yake," akasema. Mi nikaelewa.

Asubuhi tukarudi Nathenje. Nilimubariki mi mwenyewe, mukono juu ya kichwa, pale pembeni ya barabara, juu sikutaka kutafuta padri wa kukataa. Nikapanda kabaza na dumu ya maji, tukamufuata. Yule mwenye baiskeli alianza akituchekelea. Katikati ya njia pumzi ya kucheka ilikwisha. Karibu na muji akaniambia, "Mayi, shuka kidogo, huyu mutoto ananichosha." Batu ba soko balisimama kumutazama. Mutoto wangu alikimbia kama jana ingali inamungoja.

Uwanja ulikuwa umefungwa. Mulinzi alikuwa anakula muhindi wa kuchoma.

"Mayi, mbio zilikuwa jana."

"Tunajua. Fungua tu azunguke mara moja, amalize."

"Nikifungua, nitamuambia bosi nini?"

Nabintu alishika vyuma vya mulango, akatazama majani ya uwanja, kisha akaniomba maji.

Tangu siku ile hakimbii. Hajakasirika, hapana, ananisaidia kushona, ananyoosha mishono kuliko mi. Kitabu alikirudisha masomo. Nikamuomba akilete tena, nilizoea. Akasema, "Ule mwaka uliisha, mama." Kilimani banaume ba kabaza banauliza yule musichana wa salamu iko wapi. Kaptula naifua kila juma, sijui juu ya nini.

Musalimie shemeji, mume wako, mwenye kucheka na pua. Mama muzee umushike mukono kwa niaba yangu, na umuambie mujukuu wake anamufanana miguu. Usimuambie mengine. Kiongozi wa kwaya umusalimie pia, na mama muchungaji wetu wa zamani.

Na kwaya wakikuuliza, waambie alikuwa wa kwanza. Si uongo. Nilikuwa nyuma yake juu ya kabaza toka Nathenje mpaka ule mulango, sikuona mutu mbele yake.

Mudogo wako anayekukumbuka kila akitia uzi mu sindano,

Mama Nabintu