Haukuwa Moshi, Mama

Mama yangu,

Tangu tukuzike Kibondo nimeianza barua hii mara tatu na kuichana. Leo nimeketi dukani Kasulu, mlango nimeurudishia, na sitainuka mpaka niimalize.

Unaikumbuka siku uliyoniletea mchoro wa baba? Uliutoa katikati ya Biblia, ukaukunjua kwa vidole viwili. Baba hakuwahi kupigwa picha. Mwalimu mmoja kule kwenye kambi ya wakimbizi ya Mtabila alimchora kwa penseli kabla baba hajafariki, na sura yake yote iliyobaki duniani ilikuwa kwenye karatasi ile. "Nitengenezee fremu nimtundike," uliniambia. "Wajukuu wamjue."

Nilijua namna ya kuifanya kazi ile, mama. Mzee Hamadi aliyenifundisha ufundi alikuwa akisema kila siku, "Picha ya mtu haigundishwi. Inashikizwa." Unaishikiza kwa juu tu, kwa vipande vya karatasi laini na uji wa wanga, ili siku yoyote itoke salama. Nyuma unaweka kadi maalumu isiyo na asidi ya kuchoma karatasi, na nyingine unaitoboa dirisha mbele ili picha isiguse kioo. Kadi hiyo tuliiagiza Dar es Salaam, na siku ile nilibakiwa na ya kutosha picha moja tu. Nikaikatia picha ya harusi ya ofisa mmoja, kwa sababu nilitaka anisifu kwa wenzake. Mchoro wa baba niliupaka gundi ya mbao, nikaubandika kwenye ubao wa hadibodi, nikaukandamiza na kioo. Nilijiambia, mama hatajua tofauti.

Na kweli hukujua. Uliwaita majirani waje waone kazi ya mwanao.

Masika ya pili yalipopita ulikuja na basi, fremu umeifunga kwenye kitenge. Madoa ya kahawia yalikuwa yamemfika baba shingoni. Nilipofungua, karatasi ilikuwa imegandamana na kioo. Nikavuta. Jicho moja na shavu vikabaki kwenye kioo, mbele ya macho yako.

Uliketi kwenye benchi. Kisha ukauliza, "Ni ule moshi wangu wa jikoni, si ndiyo?"

Hapo ndipo nilipopaswa kusema, mama. Badala yake nikajibu, "Inawezekana. Moshi ni mbaya kwa picha."

Ukanishika mkono. "Mbabarira, mwana wanje. Kazi yako nzuri nimeiharibu."

Mama mzazi unaniomba msamaha mimi, tena kwa Kirundi chako cha mambo ya moyoni! Nami nikakuambia, "Usijali, mama," kama mtu anayesamehe.

Mvua ziliporudi nilikuja Kibondo, nikakukuta unapika nje. Mafiga ulikuwa umeyahamishia chini ya upenu, manyunyu yanakupiga mgongoni. Kilichosalia cha baba kilikuwa ukutani, ndani. "Sitaki nimmalize," ulisema. Nilikula ugali ule na maharage, nikaomba uniongeze. Ukapika hivyo kila mvua, hadi ulipougua.

Siku ya kuanua matanga, dada Imelda aliwaonyesha wajukuu ule mchoro. "Bibi yenu aliuharibu kwa moshi, masikini. Hakujua." Nikaisikia sauti yangu, "Haukuwa moshi." Nikaeleza yote: gundi, kadi, ofisa, jibu nililokupa.

Imelda akanigeukia. "Kwa hiyo mama alinyeshewa bure?"

"Ndiyo, dada."

Nilimwomba anipe mchoro niutengeneze upya, kwa njia sahihi. Akautoa ukutani, akaingia nao chumbani kwake, akafunga mlango. Sijamwomba tena.

Siku hizi wateja wananiletea vyeti vya marehemu, barua za zamani, mpaka kofia ya kitoto ya mtoto ambaye hakukua. Sigundishi kitu. Wananisifu kwamba nina mkono wa huruma, nami nainamia meza nikijifanya natafuta misumari.

Siombi unisamehe. Nakujua: ungenisamehe kabla sijamaliza kusema, kisha ungeniuliza kama nimekula, na hilo silistahili. Nilitaka tu ulisikie kutoka kwangu mwenyewe. Hukumharibu baba. Ungeweza kuendelea kupika ndani, mama, kwenye joto.

Pumzika kwa amani.

Mimi mwanao wa mwisho,
Fidelis