Nyoka na Mayai ya Nyangezi

Siku ya kwanza ya juma, tarehe 8 mwezi wa tisa

Makaratasi ya batoto ya kusahihisha, bado mbili. Chai imepoa. Telefone ya Patient: imefungwa. Ninaita asubuhi mbele ya masomo, ninaita tena saa kumi. Kila siku, tangu mwezi wa tano. Patient, bwana yangu, alienda tena Shabunda kununua dhahabu. Alisema atakaa majuma tatu tu.

Kitunga ya mama mukwe imefika toka Nyangezi na moto, pikipiki ya kubeba batu. Mayai kumi ya kware, ndani ya majani makavu ya ndizi. Kila siku ya kwanza, kumi. Anafuga kware nyuma ya jiko yake kwa sababu yangu. Anasema nikule mabichi, moja moja, tumbo ikuwe tayari siku Patient atarudia. Miaka saba ya ndoa, hakuna mutoto. Nilimeza mbili, nikatapika. Zingine niko naziweka ku dirisha ya jiko.

Nachukia kimya ya hii nyumba.

Siku ya tatu, tarehe 10

Nilipeleka darasa yangu ya biolojia ku labo ya Papa Bahati. Muzee ule amefanya maisha yake yote kuweka nyoka zenye kufa mu bokali, machupa ya alkoli. Lakini iko na zingine zenye kuishi, tatu, mu masanduku.

Batoto bote balikimbia mupaka ku mulango. Miye nilibaki juu mwalimu hawezi kukimbia. Papa Bahati akaweka moja ku mukono yangu. Ilipanda polepole, ikasimama ku kiwiko, ikatulia. Tangu Patient aende hakuna mutu amenigusa. Kidogo nilie mbele ya darasa. Aibu gani hiyo.

Batoto balipotoka nilimuuliza kama naweza kuchukua moja nyumbani. Hakucheka. Alisema: "Madame, nyoka ya kwanza haichaguliwe na macho. Rudia siku ya sita, ya posho."

Siku ya posho, tarehe 13

Nilirudia. Tatu zote hazina sumu ya kuumiza mutu. Naandika vile nilizipima.

Ya kijani, ya mu pori. Nzuri kabisa, nyembamba, mbio. Inataka vyura na haipendi mikono. Na batu bote ba avenue, mutaa yetu, batasema ni mamba, nyoka ya kuua. Fimbo kumi mbele nifungue kinywa.

Ya kahawia, yenye inaingiaka mu manyumba. Pole sana. Inataka panya. Nafundisha mambo ya panya kila mwaka, lakini kumukamata mukia na kumutupa mule ndani, hapana. Najijua.

Ya mayai. Rangi ya majivu na madoa meusi, batu banaichanganya na ile mbaya yenye sumu. Masikini ya Mungu. Kumbe haina hata jino. Haikule nyama, haikule mududu. Mayai ya ndege tu, madogo, mabichi. Yai ikianza kuharibika inainusa na kuiacha.

Hapo nikafikiri dirisha ya jiko yangu. Ndiyo vile nilichagua. Haikuwa macho, haikuwa akili. Nilikuwa na mayai.

Sanduku na kifuniko yenye kufungwa. Tawi. Maji. Chupa ya maji ya moto siku za baridi. Papa Bahati akasema na neno moja ya mwisho: niambie kwanza jamaa. Nikasema ndiyo. Bongo: sikuambia mutu.

Siku ya Mungu, tarehe 14

Sikuenda ku misa. Imekula.

Kichwa yake ni kama kidole gumba. Yai ni kubwa kuipita mara mbili. Ilifungua, ikafungua tena, nikafikiri itapasuka. Yai ikashuka mu shingo. Kisha sauti ndogo: tak. Baada ya dakika chache ikatapika ganda, imekunjwa vizuri, imekauka. Nilikaa chini ku simenti mupaka miguu ikafa ganzi. Miye nayatapika yale mayai na huzuni. Yee anatapika ganda tu, uzuri wote unabaki ndani.

Leo nilisahau kuita telefone ya saa kumi. Mara ya kwanza.

Siku ya pili, tarehe 23

Maman Riziki, jirani yangu, aliingia kuomba makaa. Hakupiga hodi, hapigaka. Nyoka ilikuwa inatapika ganda yake. Alisimama pale na kisahani ya makaa mu mukono. Nilianza kumueleza kama mwalimu: haina meno, inakula mayai. Hakusikia hata neno. Aliacha kisahani, akakimbia.

Siku ya ine, tarehe 25

Imeanza.

Kila mutu hapa alikuwa mutoto na akasikia: kuko nyoka yenye inatapika pesa mu nyumba ya mwenye kuifuga. Lakini kwanza inataka mutu. Mutu wa nyumba, wa damu ao wa kitanda. Maman Riziki aliona nyoka inatapika. Bwana yangu haonekane. Hesabu ikafanyika yenyewe.

Nimemuuza Patient. Ndiyo wanasema. Ku kisima bamama banaacha kuongea nikifika. Darasani mutoto moja wa mbele aliondosha buku yake nisiiguse. Miaka kumi na moja nafundisha mule.

Naogopa. Naandika tena: naogopa.

Siku ya kwanza, tarehe 29

Kitunga haikuja na moto. Mama mukwe alikuja yeye mwenyewe, Mama Nsimire, na magoti yake ya kuuma, na kitunga ku kichwa. Habari ilikuwa imemufikia Nyangezi.

Hakuomba maji. Alifungua sanduku, akaona maganda yenye nilikuwa bado sijatupa. Aliyatambua. Kware zake ziko na madoa ya kahawia.

"Mayai ya bajukuu yangu," alisema. "Umelisha nyoka."

Ni kweli. Alifunika kitunga na kitambaa, akabeba mayai yote kumi, akarudia nayo. Nilimusikia anashuka ngazi ya kilima, moja, anapumzika, moja. Napenda ule muzee kuliko mama yangu. Nimemuumiza.

Siku ya tatu, tarehe 1 mwezi wa kumi

Shefu, mukubwa wa avenue, alipita. Siku ya posho batu bote bakusanyike mu parsele, kiwanja ya nyumba yangu, saa nne, kukata maneno. Mama Nsimire ameitwa. Yeye ni mama ya mwenye kupotea, neno yake ndiyo itakata. Akisema nimeuza mutoto yake, mwenye nyumba ananifukuza siku ile ile, na sanduku inaungua. Na miye, sijui watanifanya nini. Najua yenye ilifikia muke moja wa avenue ya juu. Siandike.

Papa Bahati aliita ku telefone: nimurudishie nyoka haraka. Nilibeba sanduku mara mbili mupaka ku mulango. Lakini ikipotea watasema nimeificha. Ikibaki watasema iko. Niko mu mutego wa pande mbili.

Siku ya tano, tarehe 3

Mvua. Ku dirisha imebakia yai moja, ya zamani. Niliiweka mu sanduku. Ulimi ikatoka, ikagusa, ikarudia. Hapana. Kisha ikajikunja na kujisugua, magamba yake yanalia kama mafuta mu sufuria. Inafanya vile ikiogopa.

Nimeoga. Nimefua nguo ya kesho. Kama kuna kitu inanipata, kadi ya masomo na vyeti viko mu droo ya pili. Nilijaribu kuomba, nikaishia ku "Baba yetu".

Siku ya posho, tarehe 4

Nataka kuandika vile ilikuwa, bila kuongeza.

Batu balijaa mupaka ku ukuta. Vijana na bidoo ya petroli, hakuna mutu aliwauliza ya nini. Sanduku katikati. Miye ku kiti ya plastiki. Maman Riziki aliongea wa kwanza, akalia kweli. Anaamini. Ile ndiyo iliniogopesha zaidi.

Kisha shefu akamupa Mama Nsimire neno. Alisimama na kitunga yake. Hakuniangalia. Nilijua nimekwisha.

Alisema: "Mutoto yangu haikufa. Patient iko muzima, kule Shabunda, na muke mwingine. Bako na mutoto mwanaume, alizaliwa mwezi wa ine. Miye nilijua mwezi wa tano. Nilinyamaza kwa aibu."

Aliweka kitunga yake juu ya sanduku.

"Kama munatafuta mwenye aliuza ndoa hii, ni Patient. Kama munatafuta mwenye aliificha, ni miye. Nyoka inakula mayai yangu. Sasa ni yangu. Nani iko na swali?"

Shefu alivaa kofia yake. Batu balitoka moja moja, vijana bakabeba bidoo yao. Maman Riziki alibaki, akatafuta kisahani yake ya makaa, akaichukua, akaenda.

Nilifurahi kwanza. Nimepona. Kisha ikaniingia yenye alisema, na nikataka kumupiga ule muzee. Miezi mitano. Kware zote zile. Nilimuuliza sababu gani alikuwa anatuma mayai, na alijua yote. Akasema alifikiri Patient atarudia hata siku moja tu, kuchukua nguo zake, na tumbo ikiwa tayari, nitamushika. Mutoto wa kule hatamuita mujukuu yake kamwe. Miye ndiye muka mwana wake.

Nikamuambia atoke. Akatoka. Mungu anisamehe, sikumusindikiza.

Siku ya pili, tarehe 7

Masomo. Makaratasi. Ule mutoto wa mbele ameniletea buku yake, imejaa makosa. Nilitoa nguo za Patient mu kabati, nikazirudisha, nikazitoa tena. Nyoka haijakula. Miye pia.

Siku ya kwanza, tarehe 13

Hodi, saa kumi. Mama Nsimire na kitunga. Nilifungua.

Aliomba kuona. Alikaa ku kiti, kitambaa ku kinywa. Niliweka yai ya leo. Ulimi ikatoka, ikagusa, ikagusa tena. Ikafungua kinywa. Tulingoja. Tak. Ganda ilipotoka aliiokota na vidole vyake, akaikunjua, akaangalia ndani.

"Kweli haina meno," alisema.

Kisha akaenda ku jiko, akachemusha mayai mengine bila kuniuliza sufuria iko wapi. Alimenya moja, akatia chumvi, akaiweka mu mukono yangu. Akasema hii ni ya njaa tu.

Leo sikuita telefone. Nilikula yai. Nikaomba ya pili.