Jina la Riziki ku Kitambaa

Mujukuu wangu Faida,

Nakusalimia toka kwetu hapa Baraka. Mama yako iko muzima, na muhogo wetu umekauka vizuri. Uliniuliza sababu gani hatukukalia matanga ya dada yangu Riziki.

Mi nilikuwa ningali mubinti. Batu ba bunduki balimukamata na babinti bengine, bakabapeleka upande wa Kilembwe babachimbie zahabu kwa nguvu. Chefu wa bureau, ile ofisi ya serikali, akatuambia, "Bamekufa. Mukalie matanga, muishe." Bamama bakakatala. Kwetu, matanga ikiisha, hakuna anayetafuta mutu tena.

Mi nilijua kuandika. Kila mama akaleta kitambaa cheupe cha kichwa, nikaandika na masizi ya chungu jina la binti yake, na chini yake: "Banamutumikisha." Siku ya soko tulivivaa, tukasimama mbele ya bureau. Batu ba chefu balitupiga. Soko lililofuata tukarudi.

Binti mumoja tu ndiye alitoroka. Alisema kule shimoni balisikia kwamba majina yao inatembea ku soko.

Masizi inatoka na jasho, kwa hiyo mpaka leo kila soko naandika upya. Sasa mikono inatetemeka, Faida. Ukija vakansi, masomo ikifungwa, utaandika we.

Koko wako