Dada Spesi, hukuniambia nani ni mkwe wa nani

Dada Spesi,

Nimekukasirikia. Naanza na hilo kwa sababu nikianza na salamu nitalia, na barua itaishia hapo.

Ni mimi Jonasi, mbeba matofali uliyemwokota kwenye jengo akiwa hawezi kunyoosha mgongo. Ulinifundisha yoga kila Jumamosi baada ya kazi, katika ukumbi wa nyuma ya kanisa. Ukawa unanisimamisha mbele, unacheka: "Siku moja utaniacha nipumzike." Nilidhani ni utani. Kumbe ulikuwa unaumwa na ulijua. Sisi ulituambia tusikilize mwili. Wako uliunyamazisha mpaka ukakuangusha. Tulipotoka kukuzika, watu wakaniambia mwalimu sasa ni mimi. Uliwaambia wao, mimi hukuniuliza.

Basi sikia. Jumamosi ya kwanza nilitandika mikeka, wafupi mbele, warefu nyuma, kama nilivyodhani unafanya. Nikasema: mikono chini, miguu chini, makalio juu. Fundi Melkiori akainama. Nyuma yake kumbe ni Mama Roza, aliyemzaa mke wake! Mama akapiga ukelele, akajifunika uso kwa kitenge. Melkiori akasimama, akaninyooshea kidole: "We mwalimu, mi nimuinulie makalio mama mkwe wangu? Unatafuta nini mu nyumba yangu?" Yule Mkongo muuza vitenge alicheka mpaka akakaa chini. "Muache, huyu alikulia Tanzania, hajue hata nani alioa wapi!"

Walitoka wote. Nikabaki na mikeka.

Heshima ya mkwe naijua, Dada. Mama yangu alinifundisha kwenye kambi ya wakimbizi, Tanzania, kabla hatujarudi Burundi, kwetu Muyinga. Lakini hapa Gitega nimekuja kutafuta kazi tu, ukoo wa watu nitaujulia wapi? Wewe uliwajua wote. Ulikuwa unahamisha mikeka huku unaimba, nami nikadhani unapanga kwa urefu. Neno moja tu lingekugharimu nini?

Wiki nzima, saruji begani, nimekugombeza. Halafu nikajiona na mimi. Nilitazama mikono yako na miguu yako, nijue kuinama kama wewe. Watu sikuwatazama. Hilo linauma kuliko mgongo.

Jana nilimpelekea Mama Roza bia ya ndizi, kuomba radhi. Aliniacha nje mpaka nikachoka kusimama. Mwishowe akatoka na kiti, akaionja bia, akasema: "Spesi alikuwa anakuja kuuliza kwanza." Basi akanikalisha, akanieleza nyumba kwa nyumba, nani alioa wapi, nani hasalimiani na nani. Atarudi Jumamosi. Akirudi yeye, Melkiori hana sababu ya kubaki nyumbani.

Kwa heri, Dada. Nakuahidi darasa halitafia mkononi mwangu. Na siku mwili wangu ukikataa, nitawaambia wazi, mbele ya wote, nikiwa bado na nguvu za kumfundisha mwingine. Sitamfanyia mtu ulivyonifanyia.

Pumzika. Mimi hasira bado haijaisha.

Jonasi