Jina Lako Kwenye Karatasi Mbili

Mama,

Ni mimi, Bahati wako. Leo ni wiki ya tano tangu tukuzike, watu wachache, barakoa usoni, pasta akiomba mbiombio kama anafukuzwa. Mjukuu wako hakuwepo. Mpaka leo hajui kwamba umekufa.

Usinikasirikie kwanza, nisikilize. Nchi ilipofungwa kwa sababu ya korona ilikuwa zamu ya Espérance kukaa na mtoto, kule kwake mtaa wa Observatory. Tukasema ni siku chache tu, atarudi kwetu. Halafu wewe ukaanza kukohoa. Ulipokufa Espérance akaniambia, "Baba Nabintu, pole sana, lakini nyumba yenu imeingia ugonjwa. Mtoto hatoki." Nilimtukana, Mama. Kisha nikamwomba jambo moja: asimwambie, nitamwambia mwenyewe nimempakata. Akakubali. Basi kila Jumapili mtoto ananipigia, na kile Kiswahili chake cha kuokoteza: "Baba, Somo yuko wapi?" Nasema umelala. Wiki tano umelala! Ana miaka saba, si mjinga.

Wewe ndiye uliyemkataza kukuita gogo, yaani bibi kwa lugha ya huku, kama wenzake. "Mimi si gogo, mimi ni somo yako, jina letu moja." Halafu mnacheka wote wawili, midomo imejaa sambaza, vile vidagaa vya kwetu. Nami mtoto namwita Mama, kama ninavyokuita wewe. Nikiita mkiwa jikoni, mnaitika pamoja. Sasa naogopa kuita.

Wiki iliyopita Espérance alilegea. Serikali ilishasema mtoto wa wazazi walioachana anaweza kupelekwa kwa mzazi wa pili, ukiwa na karatasi ya korti au cheti cha kuzaliwa. Ya korti sina, cheti ninacho. Nikaenda kwa miguu toka kwetu Hillbrow, nikamchukua getini na begi lake. Tulipofika kwenye robot, zile taa za njiapanda pale Yeoville, wanajeshi wakatusimamisha.

Eish, Mama, kile cheti! Siku kilipoandikwa karatasi yangu ya ukimbizi ilikuwa imepita muda, wakaandika mzazi ni Espérance peke yake. Na mtoto nilimpa majina yako yote mawili, Nabintu Faida, kama tufanyavyo kwetu, bila kubandika langu. Nilijivuna siku ile. Mwanajeshi akasoma, akatazama kitambulisho changu: Bahati Mugisho. "Jina la mtoto si lako." Nikampigia Espérance, simu haikuingia. Nikamwambia mwanajeshi hilo ni jina la mama yangu. Akasema, "Basi mpigie mama yako, aje aseme."

Mtoto akarukaruka. "Yebo, Baba! Tumpigie Somo!"

Mfukoni nilikuwa na cheti chako cha kifo. Nabintu Faida, herufi zilezile, na chini jina langu, mwanao. Ningekitoa, huenda yule mtu angeelewa. Lakini mtoto anajua kusoma, Mama. Angeona jina lake kwenye karatasi ya wafu, pale barabarani, mbele ya bunduki. Mkono ukaingia mfukoni ukagoma kutoka. Wakampakia kwenye gari lao wakamrudisha kwa mama yake, analia, kiganja kwenye kioo. Nikabaki nimesimama kwenye robot, ikawa kijani, ikawa nyekundu, sijui mara ngapi.

Tangu siku hiyo chakula hakipiti. Cherehani nimeifunika. Espérance anasema mtoto anamuuliza kama mimi ni mwizi wa watoto. Yesu wangu! Nimekupoteza wewe, na sasa yeye anateleza mikononi hivihivi naona. Karani mmoja amenishauri nikaombe korti mtoto abadilishwe jina, apewe langu, njia itafunguka. Nikufute, Mama? Nikuzike mara ya pili? Nimelia mpaka jirani akagonga ukuta.

Sikufuti. Kesho asubuhi naenda Observatory. Kama hawanifungulii, nitasimama nje, yeye ndani, nitashika vidole vyake kati ya vyuma vya geti na nitamwambia. Kisha nitampa karatasi yako aisome mwenyewe, nikiwa hapo. Akishajua, nitaweza kuitoa mbele ya mwanajeshi yeyote, hakimu yeyote, na ile ya kwake kando yake. Jina atabaki nalo. Nakuahidi, na ahadi hii siivunji hata wanifunge.

Lala sasa, Mama, nisiwe nimemdanganya. Yule Mama mwingine, somo yako, ananingoja getini.

Bahati