Standard Mbili, na Jina la Kavira

Papa Masika,

Ninakuandikia mu bureau, kwa kiti chako, mutoto analala kwa mugongo wangu. Groupe ya umeme inaunguruma inje na sentinelle wa mulango ametia mafuta ya mazout kidogo tu, donc niko naandika mbio. Sijazoea kukuandikia. Zamani nilikuwa nakuita tu kwa mulango, nasema bugali inapoa, nawe unajibu "niko nakuja", na haukuji.

Masika wetu anasema sasa. Kila pikipiki ikipita anaita papa. Batu bananiambia nimukataze. Sitamukataza.

Ni jambo ya kazi njo inanileta. Patron alinunua serveur mpya za kutunza hesabu ya bidhaa, na mimi njo nilichagua version ya programme ya kuweka ndani. Nilichagua standard. Ngoja, usinune mbele ya kusikia yote.

Ulipotuacha, Patron aliuliza nani mwingine anajua ile machine. Nilimujibu ni mimi, juu ulinifundisha kila siku ulipokuwa unachoka, na ulikuwa unachoka kila siku. Alinitazama na mutoto kwa ziwa, akacheka kidogo, akanipa ufunguo. Kisha askari baliingia muji. Risasi zililia upande wa Rughenda, maduka yote yakafunga milango, kila mutu akabeba kilicho chake. Nilifanya vile ulinizoeza. Kwanza mutoto, pili disque, ile yenye kopi ya kazi yote. Nilifunga Masika mugongoni, disque ikalala katikati yetu ndani ya kikwembe, tukatokea nyuma ya depot.

Tuliporudi, bureau ilikuwa tupu. Balibeba serveur, balibeba écran, hata rideau ya dirisha. Kiti chako tu njo baliacha, juu ya ule muguu uliofunga na kamba. Nilicheka peke yangu pale ndani. Kisha nikalia, lakini nilianza na kucheka, nataka ujue.

Baba wa parokia alituazima ordinateur yao moja ya kawaida. Niliweka disque, nikafuata yote vile ulivyokuwa unafanya, na jina likatokea kwa écran: Masika. Lile jina ulilolipa serveur siku mutoto alizaliwa, ukasema wote wawili ni wasichana wa kwanza ya nyumba hii. Ilitembea pole pole kama mutu anatoka hospitali. Lakini ilitembea, na bakiriya wenye kununua kwetu balipata bidhaa zao.

Njo Patron akaita ingénieur wa Goma. Kijana mupole, alishuka kwa ndege na valise mbili, akanywa chai yangu yote. Alitueleza kama kuko version standard na kuko version entreprise. Nilitaka kumwambia ninaijua hadithi hiyo kushinda yeye. Unakumbuka ile karatasi ya publicité, ya kutangaza entreprise? Ulikuwa unakaa karibu na brasero ya makala, unanisomea Kifaransa chake kama Injili. Entreprise inaunga machine mbili. Moja ikianguka, ingine inasimama, hakuna mutu anaguswa. Ulisema tutaweka moja hapa Butembo na ingine kwa depot ya Beni. Ya kwanza iko Masika, ya pili itaitwa Kavira, kama vile msichana wa pili anaitwaga kwetu. Nilikuuliza, na mutoto wangu wa pili nitamwita nani? Ukasema tutapata majina, wewe zaa tu.

Na ulisema neno ingine, hilo njo lilinikalia kwa roho. Ulisema siku entreprise itakuja, Beni haitakuita tena. Parabole ya internet ikikatika, haitakuwa tena "tuma Papa Masika" kwa radio ya phonie, na wewe unapanda moto, ile pikipiki ya kazi, bila kumaliza sahani. Utakula kwako.

Wewe, tangu ulipofia pale Kalunguta, kwa njia ya Beni, niliishi na hasira moja ambayo sikumwambia hata mama yako. Nilifikiri, kama Patron angenunua entreprise wakati ulimuomba, haungekuwa kwa ile njia. Nilikuwa namupikia chai Patron na hiyo hasira ndani.

Donc Patron alisema mbele ya ingénieur kama marehemu alitaka entreprise, na yeye hataki kumunyima tena. Alisema vile na macho yake chini. Aliona kama njo kukulipa heshima. Mimi nikauliza swali langu. Niliuliza kama mwaka jana tungekuwa na entreprise, machine moja hapa, ingine Beni, je, Beni ingemwita bado bwana wangu?

Yule kijana aliweka kikombe chini. Akasema, "Mama, ingemwita. Zile mbili zinataka kukaa chumba kimoja, kwa waya moja. Kutoka hapa mpaka Beni, na parabole hii, haziwezi kushikana. Na groupe ikizima, zinazima pamoja."

Papa Masika, karatasi ilikudanganya kidogo, ao ulisoma na njaa ya kurudi nyumbani. Sikukasirika. Nilisikia mugongo wangu unakuwa mwepesi, na mutoto alikuwa pale pale.

Njo nikamwambia Patron, "Tununue standard mbili. Moja hapa, moja Beni, kila moja na disque yake na mutu wake. Stock tutasomeana kwa phonie. Na kama utaniambia siku moja nitume mutu kwa njia juu ya machine, nitakurudishia ufunguo."

Alisema marehemu hakusema vile. Nilimujibu marehemu alitaka kula kwake, ingine yote ilikuwa njia tu ya kufika kwa sahani. Patron akamuuliza ingénieur kama standard mbili zinaweza kutosha kwa biashara yetu. Kijana akasema kwa ukubwa wetu zinatosha na zinabakisha, na entreprise tungelipia vitu ambavyo hatungefungua hata siku moja.

Mutu wa Beni ni Kahindo, yule mama wa depot aliyekuwa anakuwekea maharagi. Alikuja hapa, nikamufundisha kwa juma moja. Ananiambia kwa phonie, "Mama Masika, ikinifanyia kichwa ngumu nitaipiga na muti wa kutwangia sombe." Haijamufanyia bado. Na ikimufanyia, anajua disque inakaa wapi, na anajua kwanza ni batoto.

Jana alinisomea herufi za écran moja moja, juu alitaka nihakikishe hakukosea jina la machine yake. K, A, V, I, R, A. Nilizima phonie mbele ya kumujibu. Sikuzaa mwingine na wewe, na sitaficha kama inaniuma. Lakini lile jina ulilochagua halikukaa bure. Kavira iko Beni, na hakuna mutu anaenda kuitazama kwa moto.

Groupe inakohoa, mazout inakwisha. Lala, bwana wangu. Masika nitawalea wote wawili, mutoto na machine. Na mutu yeyote wa bureau hii, wakati wa kula, atakula kwake. Hiyo ninakuapia.

Mama Masika wako