Dawa ya Oili

Mdogo wangu mpenzi,

Sisi tu wazima, namshukuru Mungu. Shemeji yako anakusalimu. Paa halivuji tena. Umeniuliza kama uongeze dawa ya oili kwenye gari lako ambalo injini yake inagonga. Usiongeze. Oili itakuwa nzito na kelele itapungua, lakini beringi zilizolika zitabaki zimelika. Afadhali ufungue injini.

Nakwambia hivi kwa sababu mwaka huu nilimimina chupa mbili kwenye gari la rafiki yangu aliyetaka kuliuza. Mnunuzi, mama mmoja mjane tunayesali naye, akaniomba nilikague. Alisikiliza injini akacheka.

"Fundi, mbona kimya hivi? Imezimika?"

"Hayo ndiyo matunzo, mama," nikamjibu.

Siku ya nne baada ya kulinunua injini ilikwama ghafla mlimani, lori likamgonga kwa nyuma. Wamemkata mguu.

Nilikwenda hospitali nimekusudia kukiri. Akaniwahi, akanishika mkono: "Usijilaumu, fundi. Wewe ulinikagulia vizuri. Haya ni mapenzi ya Mungu."

Nikaitikia, "Amina."

Tangu siku hiyo neno hilo hunikaba kila nikisali, na sijamwambia mtu ila wewe.

Niombee.

Kaka yako